Mteja Namba Arobaini na Moja

Binti yangu Rebeka amelipia tena ule mtandao wake wa kutafuta mchumba, na leo asubuhi alikuwa anaigombeza simu kana kwamba ina masikio. Wamemwambia kuna mwanamume kamwandikia, lakini ujumbe umefichwa mpaka alipe. Akilipa, anakuta ni salamu tu, na aliyesalimia hajaonekana humo tangu mwaka jana. Akitaka kujitoa, hakuna mlango wa kutokea. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akakasirika zaidi, akaniuliza kinachonichekesha ni nini. Nikamwambia wizi huo si mpya, mwanangu. Mimi ulinila kabla hujazaliwa, tena kwa karatasi na wino.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila aliyeamka asubuhi Mwanza alikuwa na biashara. Viwanda vya minofu ya samaki ndiyo vimefunguliwa, marobota ya mitumba yanafunguliwa barabarani, maduka ya kaseti yanapigana kwa muziki tangu saa mbili asubuhi. Kelele ile niliichukia kweli wakati huo, na leo ningelipa niisikie tena dakika tano tu.

Mimi nilikuwa fundi cherehani Kisesa, nimetimiza miaka ishirini na minane, na kwetu umri huo watu wanakuhesabia kwa sauti. Wanawake walileta vitambaa vya magauni ya harusi za wadogo zao, nawapima kiuno nimebana pini mdomoni, nao wanauliza, "Sabina, na wewe lini?" Sijui kwa nini walisubiri nibane pini ndiyo waulize.

Ndipo nikaona tangazo gazetini. Ofisi ya Pendo la Kweli, nyuma ya soko kuu, ghorofani. Mwenye ofisi alikuwa Obedi, kijana aliyetoka Dar es Salaam na shati lililonyooka na maneno laini kama mafuta ya nazi. Utaratibu wake ulikuwa hivi: unapewa namba, unaandika barua, barua inapita kwake. Anaifungua, anaisoma, na kila jina la mtu, la mahali, hata sanduku la posta, analifuta kwa wino mweusi. "Kwa usalama wako, dada yangu," alisema. Kupokea barua unalipia. Kujibu unalipia. Kukutanishwa uso kwa uso kulikuwa na daraja lake, na kila nilipokaribia daraja hilo, bei yake ilikuwa imepanda ngazi kunizidi mimi.

Obedi akaniunganisha na namba arobaini na moja. Mimi mwenyewe nilikuwa kumi na tisa, na mwanamume aliyeniandikia ndiye alikuwa arobaini na moja. Jamani, aliandika! Aliandika kwamba mama yake alimfundisha kumenya viazi bila kuinua kisu. Aliandika kwamba jioni, akiacha kazi, masikio yake hubaki yanalia, na kwamba angependa siku moja yatulizwe na sauti ya mtu mmoja tu. Nilikuwa nasoma nyuma ya cherehani huku rafiki yangu Dorotea, tuliyegawana naye baraza, anajifanya anachomeka uzi kwenye sindano. Nilimpenda mtu huyo. Sioni haya kusema. Nilimpenda kabla sijajua kama ana meno.

Nikaenda kumwambia Obedi kwamba nataka kumwona. Akajibu kwamba namba arobaini na moja bado hajawa tayari. Nikasema basi, najitoa. Akasema kujitoa kunaombwa kwa maandishi mwanzoni mwa mwezi, na maombi yana ada. Nikarudi Kisesa nimevimba. Wiki haijaisha, kijana wa ofisi kanifuata na ujumbe: dada, kuna barua yako, nene. Nikaenda. Nilikuwa kama mbuzi anayevutwa kwa jani.

Barua yenyewe ilikuwa madoa matupu ya wino, lakini katikati Obedi aliacha maneno haya: "Kwenye bulabo utanijua. Nacheza bugobogobo na Wagalu, wa mwisho mstarini, na jembe nalidaka kwa mkono wa kushoto." Obedi alikuwa ametafuta majina na anwani, akafuta. Hilo aliliona ni habari za ngoma tu, akalipitisha. Mtu wa Dar angejuaje kwamba kwetu hiyo ni anwani kamili? Bulabo ni mashindano ya ngoma ya kila mwezi wa sita, na yanachezwa papo hapo Kisesa, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilininyima usingizi. Wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na anayeshinda ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Hivyo huko huendi kutazama tu, miguu yako ni kura. Na baba yangu, mzee Ndalahwa, alikuwa Mgika, baba yake Mgika, hata ng'ombe wake angewaita Wagika kama wangekubali. Mimi kusimama upande wa Wagalu mbele ya macho yake ilikuwa ni kumvua nguo hadharani.

Siku ilipofika nilisimama na wa kwetu. Vumbi, jua, ngoma zinapigwa mpaka kifua kinajibu. Ng'ambo ya uwanja niliona majembe ya Wagalu yanarushwa juu, yanazunguka, yanadakwa. Nilikaza macho kwa yule wa mwisho. Jembe likapanda, likashuka, mkono wa kushoto ukalipokea.

Sikufikiri. Niliinua sketi, nikakimbia katikati ya uwanja.

Nilisikia baba ananiita, "Wee Sabina! Sabina, unakwenda wapi?" Kisha nikasikia miguu nyuma yangu. Dorotea ananifuata ajue ninachokimbilia. Nyuma yake wateja wetu, nyuma yao watoto, na watu wetu mnawajua, wakiona wanawake wanakimbia wanajua upande ule kuna jambo. Uwanja mzima uliinama kama meza iliyovunjika mguu. Wagika walibaki wanawachezea wazee na mbwa. Wagalu walishinda siku ile, na mpaka leo Kisesa kuna watu wanajua sababu.

"Wewe ndiye arobaini na moja?" nilimuuliza, pumzi imekata.

Alikuwa mrefu, amejaa jasho, na meno anayo. Akaangalia kushoto na kulia. "Kumi na tisa?"

Jina lake Mihayo, mchomeleaji wa mageti na vitanda pale Igoma. Igoma, jamani! Pua na mdomo na Kisesa. Tulikuwa tunalipa ofisi ya mjini ituzuie tusionane.

Baba hakusema nami mwezi mzima. Alitangaza kwamba hapokei ng'ombe wa mahari kutoka kwa Mgalu. Walipoletwa akawazunguka, akawashika nundu, akapokea.

Kabla ya ndoa mimi na Mihayo tulikwenda kwa Obedi kufuta namba zetu. Mihayo alisimama nyuma yangu mlangoni. Obedi aliwajua wateja kwa namba, sura hakuwa na haja nazo. Nilipotaja kumi na tisa tu akachangamka. "Dada yangu, afadhali umekuja! Ya arobaini na moja imefika jana. Huyu kaka anateseka kwa ajili yako."

Nilitaka kumrukia, maana Mihayo hakuwa ameandika barua yoyote tangu bulabo. Mihayo akanishika bega, akatoa hela mfukoni, akainunua ile barua.

Tulishuka nayo hadi ufukweni, kwenye mawe, wanawake wanasugua sufuria majini. Akaisoma kwa sauti. Ilisema tukioana atakuwa ananipashia maji ya kuoga kila alfajiri kwa mkono wake, ili nisiianze siku na baridi. Aliposema "kwa mkono wangu" akacheka, "Huyu Obedi kiboko!" Mimi sikucheka. Nilikuwa na barua zote kwenye mkoba. Nikazitoa, nikamwekea mapajani.

"Zako ni zipi?"

Akazipitia polepole, anazigawa mafungu mawili juu ya jiwe. Ya viazi na kisu haikuwa yake. Masikio yanayolia, ambayo niliyaona ni ya mchomeleaji kabisa, hayakuwa yake. Lake lilikuwa fungu dogo: mambo ya ng'ombe, bei ya vyuma, na lile la bulabo. Kadi zimeshachapishwa, na mimi nimekaa na mgeni.

"Mihayo," nikamwambia, "sitaki kukudanganya. Nilimpenda aliyeandika hizi." Nikaonyesha fungu kubwa.

Niliona anaumia, wala hakuficha. "Mimi sijui kuandika hivyo," alisema. "Hata ningejua, nisingethubutu."

"Sasa?"

Akaichukua tena ile ya mwisho, akaisoma kimya, midomo inacheza. "Hayo mengine siyawezi," akasema. "Haya ya maji nayaweza."

Sikumwambia ndiyo pale. Nilimwambia twende, jua linazama. Lakini tulioana, na alfajiri ya kwanza, nyumbani Igoma, niliamka nikakuta ndoo inatoa mvuke mlangoni na Mihayo amechuchumaa anapuliza makaa. Nikadhani ni mambo ya maharusi, yatapita. Hayakupita. Alipasha mvua ikinyesha, alipasha tukiwa tumenuniana, alipasha siku mama yake alipofariki. Tukigombana usiku, asubuhi nakuta ndoo imebamizwa chini kwa hasira, maji nusu yamemwagika, lakini ya moto. Hakuniandikia mstari hata mmoja tena, wala sikumwomba.

Obedi alifunga ofisi akahamia mji mwingine na hela zetu, na sijamsamehe. Alikuwa mwizi, na alijua anachokifanya.

Mihayo tulimzika mwaka juzi, mapafu, ule moshi wa kuchomelea. Jiko lipo, mkaa upo, mikono yangu ni mizima. Naoga maji ya baridi.