Kipande Kisicho na Kimeng'enya

...usipande, hivyo tu, ulale hapo chini kwenye skrini kama ulivyo sasa, maana jana mstari ulipanda vizuri mno, tone la jasho la mama liligusa kipande cha kihisi na umeme ukaruka, profesa akapiga makofi, "Hongera mwanangu, sindano kwaheri," nikacheka naye huku kitu kikinikwaruza, kizuri mno kina jambo lake, ndiyo maana leo nimetengeneza kipande kingine, polima ileile ya kijani, nyuzi zilezile nyembamba kuliko utando wa buibui, zinazopitisha umeme kama waya, ila kimeng'enya sikutia, nimekidondoshea jasho lilelile, na pasipo kimeng'enya hakuna wa kumega sukari, sukari isipomegwa umeme utoke wapi, kwa hiyo mstari ukipanda na hapa basi jana tulipima kitu kingine, vitamini, uchafu wowote wa jasho, na miaka yote hii... "Unanisikia?" mama huyo, kwenye simu, nimeiweka spika kando ya boksi la glavu, "Nakusikia mama," nimesikia nusu, jirani yake fundi cherehani anahama, au amehama... jokofu linavuma, mstari unatetemeka, tulia, kila kihisi hutetemeka kabla ya kutulia, ncha za vidole vya mama zimekuwa sugu kwa kudungwa, kisukari hakina likizo, "Kidole hiki kimestaafu, chukua jirani yake," husema kila Jumapili nikienda kumpima, akininyooshea kingine, ananichekesha ili nisiogope kumdunga, na ni kwa ajili ya vidole hivyo nilianza haya yote, nilimwambia, mama, utabandikwa kitu mkononi kama plasta, hutadungwa tena, akaniangalia tu... "Sasa hiyo plasta yako ikishakuwa tayari," anasema, na hapa nasikia kila neno, "Jumapili utakuja kufanya nini?" Anacheka. "Nitakuja kukuona, mama." "Aa, wewe mtu wa kazi"... sindano ni kufumba na kufumbua, halafu namba, halafu namshika kidole na pamba mpaka damu ikauke, na damu huwa imeshakauka zamani, anajua, najua, hakuna anayeachia, wala sina namna nyingine ya kumgusa mama yangu, nalitazama jambo hili kama la mtu mwingine, bila uchungu, kama ninavyotazama skrini, kumbe nimeshinda humu nikijenga kifaa cha kutuachanisha mikono... "Upo?" "Nipo." Mstari haujasema kitu, muda wake haujaisha, ukipanda nitamwambia profesa kabla hajawaonyesha wageni wake kifaa hiki, usipopanda nitamwambia pia, hilo limekwisha, "Mama, nywele siku hizi anakusuka nani?" "Nani anisuke? Nazifunga tu." "Nitakuja nikusuke." "Wewe? Unajua kusuka?" "Sijui," nasema, na mstari bado umelala, "Basi njoo uniharibu nywele," mama anasema.