Vigutu vya Mizambo

Tarehe tisa ya mwezi wa Palizi, mwaka wa kumi na saba tangu Lango lijengwe, kulikucha kwa manyunyu membamba yasiyo na upepo, na nchi ya Mizambo ilikuwa imejifunika ukungu kama mgonjwa aliyevutiwa shuka hadi kidevuni. Ni nchi ya vilima saba na masoko mengi, na sheria yake kongwe ni hii: kila aanzaye kazi hupewa ufagio mmoja wa chelewa, afagie nao mlango wa kazi yake kila asubuhi, wala asiubadilishe maisha yake yote. Ardhi huzila chelewa mwaka baada ya mwaka, ufagio ukafupika, na kwa ufupi huo watu hujua nani ametumika sana. Ndiyo maana watawala wake walijiita Wenye Vigutu. Mabaki ya fagio zao waliyavika dhahabu wakayaning'iniza viunoni, na juu ya kilima kirefu kuliko vyote wakajenga Chuo cha Biashara, ambacho wahitimu wake peke yao ndio waliosema katika Baraza la Bei. Wengine wote walipangiwa bei ya jasho lao na watu wasiojua lina ladha gani.

Siku hiyo ya usaili alipanda ngazi za Chuo mwanamke mmoja mkamuzi wa mafuta ya ufuta, jina lake Sikudhani. Wakamuzi wenzake arobaini walikuwa wamemtuma akasome ili siku moja awasemee Barazani. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mwenye arobaini hapokelewi. Hakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu. Hesabu na sheria za biashara alizisoma jioni, nyuma ya nyumba ya ibada, na hakuwahi kufungua daftari kabla ya kuomba. Lakini ufagio wake ulikuwa wa miaka miwili tu, mrefu kama mkono, na Chuo hakikutaka ufagio uliozidi shubiri.

Mbele yake alisimama Fumbato, mwana wa waziri, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye kigutu cha vidole vinne.

"Shikamoo, mama," alisema akicheka. "Huo ni ufagio au mlingoti?"

"Marahaba, mwanangu. Na huo wako ni ufagio au mswaki?"

Wafagiaji wa ngazi waliangua kicheko. Mkuu wa Chuo, Bwana Kirogoto, aliyeketi na wasaili juu ya ngazi, akagonga meza. "Miaka miwili! Hiyo mingine ulikuwa wapi?"

"Nilimuuguza mama yangu miaka kumi na mmoja, mheshimiwa, mpaka Mungu alipomchukua. Kwa kazi ile hakuna aliyenipa ufagio."

"Na katika hiyo miwili umefanya nini cha maana?"

"Tulikuwa tukipeleka mafuta kwa mnunuzi, kila mmoja siku yake, naye akituambia ghala lake limejaa, ili ashushe bei. Nikawaomba wenzangu tukamue siku moja, tukae na mafuta bila kumpelekea. Siku ya nne mnunuzi alikuja mwenyewe, na viatu vimejaa tope."

Bi. Nunguri, msaili wa pili, aliweka kalamu chini. Yeye peke yake mezani pale aliwahi kuuza sokoni. "Hebu wote wawili," alisema, "fagieni ngazi hizi. Majani yamelowa."

Fumbato alipiga magoti, pua ikakaribia jiwe, na majani yakabaki yamenata. Sikudhani alifunga kanga kiunoni, akanong'ona Bismillahi, akafagia tangu ngazi ya juu mpaka ya chini kwa utulivu, na halikubaki jani. Kisha akakichukua kigutu cha kijana, akakigeuza.

"Ufagio uliofanya kazi huegemea upande wa mkono wa mwenyewe," alisema. "Huu umekatwa kwa kisu. Umenyooka kama meza."

"Sisi hupima urefu," Kirogoto alifoka, "hatupimi mshazari!"

Hapo wafagiaji wote waliacha kazi, wakamtazama Mkuu kiunoni, kiliponing'inia kigutu chake. Walikuwa watu wa kufagia. Macho yao hayakuhitaji rula. Polepole, mkono wa Mkuu ulishuka ukaifunika dhahabu.

"Aingie," alisema. "Na habari za mishazari ziishie hapa."

Sikudhani aliwatazama wafagiaji, akamtazama Bi. Nunguri, akainua mkono wa kulia, akasema kwa sauti iliyofika langoni:

"Ninyi ni mashahidi wangu, na Mungu ni shahidi wetu sote. Nitaingia, nitasoma, nitasema Barazani. Na siku mtakayoniona nimefunika kigutu changu kwa mkono kama alivyofanya Mkuu, njooni mnitoe, nami naahidi sitafunga mlango."