Mtu wa Kukanyaga Breki

Faraj aliponunua nyumba ya magurudumu, lile basi lenye kitanda na jiko ndani, Waswahili wote wa mji wa Mesquite, huko ughaibuni, walipata habari. Mkewe, Mwanakhamis, alipata na ya ziada: gari la binti yao Hadiya lingefungwa nyuma na kukokotwa hadi mji wa Pearland, kwenye harusi ya mpwa wao.

"Chuma cha kuvutia hiki hapa," alisema Faraj, akiligusa kwa kiatu gongo jeusi linalong'aa. "Nimechagua mwenyewe."

Alichagua, naam, kama mtu achaguavyo viatu vya Idi: kwa mng'aro. Mwanakhamis hakupita darasa la saba, lakini mwaka wa sita huu anaendesha basi la shule. Aliinama akasoma kibandiko. Uzito ulioandikwa pale ulikuwa mdogo kuliko wa gari la Hadiya.

"Baba Hadiya, hiki hakiliwezi gari hili."

"Wanaandika pungufu makusudi. Watu waoga hawa."

"Na breki? Ukisimama wewe, la nyuma litasimamishwa na nani? Muuzaji hakukwambia kuna kifaa kinakaa chini ya usukani, kinakanyaga pedali chenyewe?"

"Kaniambia. Nikamcheka." Akacheka tena, kana kwamba kicheko cha kwanza hakikumtosha muuzaji. "Sisi Mombasa tulivuta magari kwa kamba, mtu yumo ndani anakanyaga. Hadiya ana leseni. Atakaa yeye."

Hadiya, miaka kumi na tisa, aliinua macho kutoka kwenye simu. "Daddy, hapana!"

"Hapana ya nini? Utakaa kama malkia."

Mwanakhamis alipiga hesabu. Saa nne za barabara kuu, malori kulia na kushoto, na mwanawe wa pekee amefungwa nyuma kama ndoo ya baiskeli! Lakini kumbishia Faraj ni kumtilia petroli. Akalegeza sauti.

"Sawa, mume wangu. Ila mtoto hajui. Kaa wewe kwanza umwoneshe, mimi niendeshe mbele."

Kuonesha! Neno hilo Faraj halikatai hata akiwa na homa.

Jumapili asubuhi wakaenda uwanja mtupu wa kuegesha magari, nyuma ya ghala lililofungwa. Faraj akapanda gari la nyuma kwa madaha. Mwanakhamis akaenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, Hadiya ubavuni mwake. Akakanyaga breki.

Gu! Gari la nyuma likasukuma basi, vikombe vikagongana kabatini. Faraj hakuona kitu mbele yake ila ukuta mweupe wa basi. Mara ya pili akawahi mno, chuma kikalia kama punda anayepakiwa. Mara ya tatu simu ya Hadiya ikaita.

"Mwambie mamako anistue akitaka kusimama!"

Mwanakhamis akaisogelea simu. "Baba Hadiya, anayekukatia njia barabarani hupiga simu kwanza?"

Faraj alishuka shati limemganda mgongoni.

"Jua kali," alisema.

"Leo kuna mawingu, bwana."

Jumatatu chuma kikarudishwa dukani. Wakachukua chenye kubeba zaidi ya uzito wa gari, na kile kifaa cha breki, na waya wa kulisimamisha gari endapo litachomoka. Faraj aliitikia kwa kichwa kila neno la muuzaji, kama mkaguzi.

Siku ya safari, njia nzima Mwanakhamis alitazama kioo cha kamera ya nyuma. Gari lilifuata, kiti cha dereva kitupu. Hadiya alikuwa amesinzia sofani bila mkanda, akamwamsha aufunge.

Kule harusini Pearland, Faraj aliwakusanya wanaume. "Wajinga wengi hupuuza breki," alisema. "Mimi nilikataa katakata."

Mwanakhamis alimwacha aseme. Upande wa wanawake aliwaambia hivi: "Mumeo akitafuta mtu wa kukaa nyuma, usigombane naye. Mpe ufunguo, akae yeye."