Makochi ya Kuazima

Kazini wananiita Fyuzi, kwa sababu naungua haraka. Sawa, nimekubali. Lakini sikiliza kwanza, halafu uniambie kama wewe ungepoa.

Nilikuwa nafanya kazi ya umeme na mjomba wangu tangu nilipomaliza shule. Natindua ukuta, napitisha nyaya, nafunga swichi na soketi, mpaka nyumba inawaka. Siku ya malipo napewa nusu ya wenzangu, eti sina cheti. Kwenye majengo makubwa ndiyo kabisa, mlinzi anakuuliza cheti hata salamu hajakupa. Mjomba akaniambia, "Mimi nimezeeka nikifukuzwa getini, mwanangu. Wewe nenda chuo."

Nenda chuo. Kama vile chuo ni kisima, unakwenda tu na ndoo yako. Mama anafua nguo za watu, na ada ya chuo cha ufundi hata tungefua mji mzima tusingeifikia. Nikahangaika huku na huko mpaka nikasikia kuna shirika linalipia vijana wasio na uwezo. Nikaomba, nikaitwa, nikahojiwa. Afisa wao akasema sifa zote ninazo, limebaki jambo moja tu kwa mujibu wa utaratibu: aje nyumbani aone tunavyoishi. Nyumbani tukambandika jina la Bwana Utaratibu, maana neno hilo halikumkauka mdomoni.

Sasa, mama yangu akisikia mgeni anakuja, basi. Siku ya siku niliporudi kutoka kazini, sikuijua nyumba. Makochi ya jirani yetu Mama Pacha yamehamia kwetu yote, na meza yake ya kioo, na zulia. Mlangoni pazia jipya. Juu ya kabati la watu kuna televisheni ya watu, jamani, haijaunganishwa popote. Mama yuko katikati na gauni lake la bluu, lile la kuendea harusini, anang'aa.

"Mama, umefanya nini?"

"Mtu anatoka kwake kuja kukusaidia wewe, nimkalishe kwenye ndoo?"

Kabla sijamjibu, hodi. Bwana Utaratibu akaingia, akazama kwenye kochi, akaletewa soda baridi kwenye glasi ya Mama Pacha. Akaitazama televisheni. Akalitazama zulia. Mama akamwambia kwa raha zake, "Jisikie nyumbani, baba. Sisi huku hatujambo kabisa."

Jibu halikuchelewa. Familia ina uwezo, nafasi atapewa mwingine.

Nilifoka siku hiyo mpaka Mama Pacha akaja kuchungulia. Mama aliendelea kufua. Kesho yake nikaenda ofisini kwa Bwana Utaratibu, nikamweleza ukweli wote, kwamba hata glasi aliyonywea soda haikuwa yetu. Akaegemea kiti chake.

"Kwa hiyo mlitudanganya."

"Hatukumdanganya mtu. Tulipokea mgeni."

Mtu mzima, amesoma, hakuona tofauti. Akasema atanifanyia hisani, atakuja tena, safari hii bila taarifa, na anataka kukuta hali halisi. Nikameza mate, nikasema asante. Ndivyo ilivyo ukiwa na shida, unamwambia asante mtu ambaye mkono unakuwasha kumzaba kibao.

Nyumbani nikapiga marufuku. Mama asiazime kitu, asitandike kitu. Mama akaitikia tu.

Bwana Utaratibu alitokea asubuhi moja, povu limemfika mama viwikoni. Mama alipomwona kwa mbali akakimbilia ndani kupitia nyuma, na alipotoka alikuwa amevaa gauni la bluu. Nilitaka kulia na kucheka. Gauni lilikuwa lake mwenyewe, nani angemkataza?

Bwana Utaratibu alilitazama lile gauni kuanzia kola mpaka pindo. Akatoa simu, akatabasamu.

"Mama, kwa ajili ya picha tu, huna nguo nyingine? Hiyo ya kufulia? Na ukae pale chini, karibu na ndoo. Wafadhili wanapenda kuona hali halisi."

Damu ilinipanda kichwani. Nilifungua mdomo nimpe lake.

"Nyamaza," mama akaniambia. Hajawahi kuniambia hivyo mbele ya watu.

Akaingia ndani, akarudi na kigauni chake kilicholowa, kimechanika kwapani. Akakaa sakafuni.

"Kichwa chini kidogo, mama."

Akainamisha. Yule mtu akapiga picha, akaikagua, akasema imetoka vizuri sana.

Ada ikalipwa yote. Nasema wazi, pesa zile zilinisomesha, na hasira ninayo mpaka leo. Wapo wanaoniambia nina roho mbaya, nimesaidiwa na bado nanung'unika. Kwani kusaidiwa na kudhalilishwa vinauzwa kwenye fungu moja?

Muhula wa pili shirika likasimamisha bango getini pa chuo, refu kama mlango wa ghala. Mama yangu huyo, sakafuni, kichwa chini, ndoo pembeni, sufuria zetu nyeusi nyuma yake. Juu wameandika: Tuwainue. Nilipita pale kila siku iendayo kwa Mungu, na nyumbani sikusema.

Siku ya kupewa vyeti nilitaka nimpitishe mlango wa nyuma, kule kwenye karakana. Akagoma. "Gauni hili la bluu nililipigia pasi nipite nalo uchochoroni?" Tukapita getini.

Akaliona. Akalisogelea, akalikagua juu mpaka chini, watu wanatupita. Nikaanza kubabaika, "Mama, nilitaka kukuambia..."

"Masizi ya sufuria yameonekana yote," akasema. "Na lile kwapa nilishalishona."

Bwana Utaratibu alikuwa papo hapo anapokea wageni wa shirika. Akaja mbio mbio, mkono mbele, meno yote nje. "Mama, umejiona? Umekuwa mtu maarufu."

Mama alimsalimia vizuri, kwa adabu zake zote. Kisha akachukua simu mkononi mwangu, akampa yeye.

"Mpiga picha wangu ni wewe, baba. Tupige."

Akanivuta, tukasimama mbele ya bango, cheti changu kifuani, yeye amejinyoosha mpaka yule mama wa sakafuni akafunikwa. Bwana Utaratibu akainua simu.

"Rudi nyuma kidogo," mama akamwambia. "Nataka gauni lote lionekane."

Akarudi nyuma.