Kitufe cha Hapana

Mtu akiniuliza kazi yangu, namjibu kwamba naunda programu za tovuti na za simu. Wengi hucheka, kisha hutazama mvi zangu, kisha huuliza kama si mwanangu anayeziunda. Mwanangu yuko benki. Mimi nilikuwa fundi wa lifti hadi nilipostaafu. Kidato cha nne nilikisomea shule ya usiku nikiwa tayari na mke na mtoto, na uandishi wa programu nikarudi kuusomea hukohuko uzeeni, kwenye dawati lililonibana magoti. Vijana darasani waliniita Babu Kitufe. Sikukasirika. Mimi nilikuwa nafungua vitufe na kuvifunga kabla baba zao hawajaota ndevu.

Nimeunda tovuti ya chuo cha udereva, na programu ya simu ya fundi makochi, na zote zinafanya kazi hadi leo. Lakini hapa nasimulia ile niliyomuundia mke wangu.

Mke wangu alikuwa dalali wa mnada. Makabati, vitanda, mashine za kushonea, chochote kinachobebeka alikiuza kwa mdomo wake, na mtaa mzima ulimwita Dalali, hata mimi ndani ya nyumba. Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono wa kulia, ulimi na herufi. Ukimpa kalamu kwenye mkono wa kushoto, zinatoka nyayo za kuku. Akili hakikuigusa. Ukimtazama machoni unaona anakusikia vizuri sana, na anakupinga.

Tunakaa ghorofani, fundi wa lifti katika nyumba isiyo na lifti, na dirisha letu linatazama uwanja uleule wa mnada. Mwanetu mkubwa alikuja na mpango wa kutuhamishia kwake, chumba cha chini, ngazi hakuna. Ni mtoto mwema, sisemi vinginevyo.

"Mama yako hataki," nilimwambia.

"Baba, hayo ni yako wewe. Mama mwenyewe hajakataa."

"Humwoni anavyotikisa kichwa?"

"Anakitikisa kwa kila kitu. Jana kautikisia uji kichwa, kisha kaunywa wote. Jumamosi nakuja tumalize. Mama akikataa mwenyewe, nitanyamaza. Asipokataa, mnahama."

Dalali alikuwa palepale, kwenye kiti chake karibu na dirisha, anazungumziwa kama kabati lililoletwa kuuzwa. Niliona shingo yake imekaza. Mtu aliyeishi kwa kusema, leo kunyamaza kwake kuhesabiwe kuwa ndiyo! Nikafungua kompyuta.

Toleo la kwanza lilikuwa ukurasa wa tovuti wenye picha kubwa. Ukigusa picha, inasema neno. Sauti zilikuwa zinaletwa na mtandao, na mtandao wa kwetu hutembea kwa mkongojo. Dalali aligusa picha ya maji, kimya. Akagusa tena, na tena. Nilipokuwa nimeshampa maji na kikombe kimeshaoshwa, simu ikaanza kupiga kelele: "Maji! Maji! Maji!" Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mteja anayetaja bei baada ya nyundo kugongwa.

Kosa hilo nalijua tangu kwenye lifti. Abiria akibonyeza kitufe kisiwake, atakibonyeza hadi akivunje. Nikaiandika upya kama programu ya simu, sauti zote zikakaa ndani ya simu yenyewe, na kila kitufe kikawaka mara tu kinapoguswa. Nikavisogeza upande wa kushoto ili kidole gumba kisihangaike. Nikaijaribu mwenyewe nikiwa nimekalia mkono wa kulia. Ikaenda kama maji ya mfereji. Nikamkabidhi.

Akaitazama. Akagusa "Asante." Kisha akaiweka simu kifudifudi mezani, akaisukuma taratibu hadi ikaanguka.

Nikapanua vitufe. Akaisukuma. Nikabadilisha rangi. Akaisukuma. Skrini ikapasuka pembeni, Jumamosi inakaribia, nami bado natafuta hitilafu iko kwenye mstari upi.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wake Dalali. Sauti za hawa wawili hata mimi nilizichanganya wakati nachumbia, na siku moja nilimmwagia maneno matamu asiyehusika. Aliokota simu, akabonyeza kitufe kimoja kimoja.

"Maji. Uji. Choo. Dawa. Nimechoka. Asante." Akaniangalia. "Shemeji, huyu uliyemtengenezea ni nani?"

"Dada yako."

"Dada yangu alikushukuru lini?"

Nikanyoosha mkono nichukue simu, akaizuia.

"Na sauti yenyewe ni yako! Dalali aombe choo kwa sauti ya dume? Ningekuwa mimi ningekusukuma wewe, simu ningeiacha."

Kule dirishani kukatoka mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu kiharusi. Dalali alikuwa anacheka, mdomo umekwenda upande.

Hitilafu haikuwa kwenye mstari wowote. Nilikuwa nimemjengea mgonjwa. Mke wangu sikuwa nimemjengea kitu.

Tukaanza upya, sote watatu. Shemeji anataja maneno, Dalali anagonga meza kwa kiganja cha kushoto akilitaka neno, anapeperusha mkono akilikataa. "Naomba," akapeperusha. "Samahani," akapeperusha kama anafukuza nzi. "Nani kakuuliza?" akagonga. "Hapana," akagonga hadi vikombe vikaruka, nami nikakipa kitufe hicho rangi nyekundu na ukubwa kushinda vyote. Maneno ya mnadani aliyataka yote, lisiachwe hata moja. Shemeji aliyarekodi amesimama, mkono kiunoni. Alisema maneno hayo hayasemwi umekaa.

Jumamosi mwanetu akaja, lori la kubebea vyombo limeegeshwa chini. Akamwamkia mama yake, akavuta kigoda.

"Mama, gari lipo. Tunakwenda?"

Kidole gumba kikashuka. Chekundu kikawaka. "Hapana!"

Mwanetu alishtuka kwa ile sauti, kisha akanigeukia. "Baba, hiki kitu umekiunda wewe. Kitufe kikubwa namna hii, nani atakikosa? Hata paka akikikanyaga kitasema hapana."

"Basi muulize lingine," nikasema. Nikaenda kusimama mlangoni, mikono nyuma, wasije wakasema nambonyezea.

Akamsogelea. "Mama, chumba chenyewe kinaingia jua asubuhi."

"Ongeza!" simu ikasema.

"Eti?"

"Ongeza! Ongeza!"

"Na kitanda kipya," akajibu haraka bila kufikiri, maana utoto wake wote uliisha mbele ya sauti hiyo. "Na muuguzi wa mchana."

"Wanunuzi mko wapi, au nimeletewa watazamaji?"

Shemeji akaficha uso kwenye mtandio.

"Na televisheni yako peke yako, Mama. Kubwa!"

"Bei hiyo kamwambie mama yako!"

"Mama yangu si ndiye wewe!"

Tuliangua kicheko sote, Dalali hadi machozi. Mwanetu alicheka na sisi, kisha akaacha ghafla, akamtazama mama yake kama mtu aliyemkuta stesheni baada ya miaka. Paka hapigi mnada.

Dalali akangoja kimya kirudi. Enzi zake alingoja hivyohivyo, nyundo iko juu, uwanja mzima umeshika pumzi. Kisha akabonyeza mara moja tu.

"Bei haikufika. Mali irudi ndani."

Na nyundo ikagonga. Najua ilikuwa sufuria na mwiko wa shemeji, nilirekodi mwenyewe, lakini nilisikia nyundo.

Mwanetu akarudisha kigoda mahali pake. Halafu akashuka, tukamsikia anamwambia dereva aondoke na lori lake tupu. Aliporudi alikaa sakafuni, karibu na kiti.

"Haya, Mama. Lakini ngazini nitaweka vyuma vya kushikia. Hilo usinikatalie."

Dalali akafikiri. "Ongeza," akasema.

"Na taa."

Akagonga meza kwa kiganja.

Nikaona sasa ni zamu yangu. Nikasogea katikati ya chumba, nikasafisha koo, nikaanza kuwaeleza kwamba kujifunza hakuna uzee, na kwamba programu inayompa mtu neno la kushukuru kabla ya kumpa neno la kukataa ni programu ya...

"Nani kakuuliza?" simu ikasema.

Nikakaa.