Zamu ya Siwema

TANGAZO: Mnufaika wa fao la kukosa ajira anatakiwa kutoa taarifa ya kipato chochote alichopata katika kipindi cha malipo. Akibainika kuwa na kipato, fao litasitishwa hadi

(hapo karatasi imechanika)

1.
Siwema alifuma magunia mpaka kiwanda kilipofungwa. Baadaye simu ikalia: fao limeingia. Akaketi palepale jikoni. Amelipwa, na hajagusa uzi!

"Wamekosea," alimwambia jirani yake, Havijawa.

"Hawajakosea, shoga. Si ulikuwa unakatwa kwenye mshahara?"

Kweli, alikuwa anakatwa, tena akinung'unika. Kumbe ile pesa ilikuwa inamngoja.

2.
Wewe unayesoma, umewahi kucheza mchezo? Kila Jumamosi wote mnatoa pesa, mmoja anapokea. Hamwandikiani popote. Ukishapokea, unaendelea kutoa mpaka wa mwisho naye apokee.

Katika mchezo wa Siwema, wa mwisho ni Havijawa.

3.
Dirishani, kwa afisa wa mafao, Lyatuu:

— Kuna pesa nyingine imeingia, mama?

— Ipo. Nimepokea mchezo.

— Zote hizi?

— Zote, baba!

Alijibu kwa fahari, maana ilikuwa zamu yake.

Lyatuu akaandika: *kipato*.

4.
FAO: LIMESITISHWA.

Pesa ya mchezo imeishia kwenye madeni; bila fao hana cha kutoa Jumamosi. Asipotoa

5.
Aibu.

6.
"Havijawa, nadhani nimekula zamu yako."

Havijawa alikaza kanga kiunoni, akatoka bila kuaga.

7.
Sauti za wanawake wa mchezo, ofisini kwa Lyatuu, asubuhi:

"Mimi nilimpa."

"Na mimi. Nilipopokea mimi, yeye alinipa."

"Huo si mshahara, mwanangu. Ni pesa yake mwenyewe, ilikuwa inazunguka kwetu."

"Mna ushahidi wa maandishi?"

"Tupo sisi."

8.
Siwema alisimama nyuma. Walikuwa wamejaa mpaka nje ya mlango. Kila Jumamosi alikaa nao, akacheka nao, akawasengenya, na hakujua kama ana watu wakubwa namna hii. Mbele kabisa alisimama Havijawa, ambaye hajapokea hata senti.

Siwema alilia waziwazi.

9.
Lyatuu alivua miwani. Fomu ina mstari wa mshahara, wa biashara, wa kodi ya nyumba.

"Sasa hii naiweka wapi?"

Alifuta neno aliloandika. Akasogeza kalamu chini, penye MAELEZO, na wanawake wote wakainama kuangalia.

*Mama huyu hana kipato. Mama huyu ana watu.*