Makofi ya Mzee Anselmi

Mzee Anselmi alifika chuoni kabla ya wageni wengine, amevaa koti alilofungia ndoa na viatu alivyoazima kwa jirani. Mwanawe Severin alimwona kupitia dirisha la ukumbi, amesimama kando ya ngazi akiwapisha wapitao, kana kwamba amekuja mahali asipotakiwa. Akatoka, akamwamkia, akamwingiza ndani na kumkalisha safu ya nyuma. Wazazi wengine walikaa mbele. Severin alijiambia kwamba kule nyuma kuna hewa nzuri.

Ilikuwa siku ya Programu Maalumu. Chuo kilikuwa cha kanisa, kipya kiasi kwamba majengo mengine hayajapakwa rangi; kilianzishwa pale serikali iliporuhusu mashirika ya dini kufundisha elimu ya juu. Padri Fransisko, aliyeiongoza programu, aliamini kwamba anayesoma uchumi peke yake, au theolojia peke yake, anaiona nchi upande mmoja tu. Kila mwaka alichagua wanafunzi wachache waliofanya vizuri, wa uchumi, wa theolojia, wa historia na wa sayansi, akawapa suala moja la Morogoro walichambue kwa pamoja. Mwishoni mmoja wao alisimama mbele ya wageni na wazazi kueleza walichokiona. Mwaka ule suala lilikuwa viwanda vya umma vinavyouzwa kwa watu binafsi, na aliyechaguliwa kusimama alikuwa Severin.

Baba yake alikuwa mtu wa boila, mtambo wa kuchemshia mvuke, katika kiwanda cha sabuni, mali ya umma, kilichokuwa kikisubiri mnunuzi. Alitoka Mahenge akiwa kijana, akaajiriwa pale kiwanda kilipofunguliwa, akajenga Bigwa, pembeni ya mji, akasomesha kwa mshahara huo. Chuoni hakuna aliyelijua hilo. Severin alipoulizwa kazi ya baba yake alijibu kuwa ni fundi, akabadilisha mazungumzo.

Alizungumza vizuri. Alitumia Kiingereza, kama ilivyotakiwa, bila kutazama karatasi. Alisema kiwanda kinachoendeshwa kwa hasara kinakula shule na zahanati za watu wengine. Alileta mafundisho ya kanisa juu ya kazi, akaonyesha kwamba kumlipa mtu kwa kukaa bure si kumheshimu. Kisha akatoa mfano wa kiwanda kimoja cha sabuni ambako watu wa boila huripoti zamu nzima, na mafuta yakikosekana wanacheza bao mpaka saa za kutoka. Wageni walicheka. Mfano ule aliupata nyumbani, wakati wa kula, kwa baba yake mwenyewe, aliyekuwa akisimulia huku anaona aibu.

Alipomaliza, wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Anselmi. Alipiga makofi ameinua mikono juu ya kichwa, mpaka watu wa mbele wakageuka kumtazama, nao wakasimama. Severin alimwangalia baba yake, akainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru.

Walipotoka nje mzee alimshika mkono asiuachie.

"Nilisikia neno boila," alisema. "Ulikuwa unatusemea?"

"Ndiyo, Baba. Niliwasemea."

Habari ile ilifika Bigwa kabla giza halijaingia. Severin alipokwenda nyumbani wiki iliyofuata alimkuta mama yake, Angelina, amechinja kuku, na majirani wa kiwandani wanaingia mmoja mmoja kumpa mkono. Mmoja alisema sasa nao wana mtu wa kuwatetea. Severin alikula kidogo, akasingizia tumbo. Tangu siku hiyo akaacha kwenda nyumbani, akituma salamu kwamba mitihani imemkaba. Usingizi ulimpungukia. Kilichomrudia si hotuba bali lile jibu lake, jinsi lilivyotoka upesi na kwa urahisi.

Mnunuzi alipatikana masika yalipoanza. Tangazo likabandikwa getini kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Ndipo Mzee Anselmi akaja tena chuoni, safari hii pamoja na Mzee Kibwana, Mluguru wa palepale Bigwa, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Walikuwa na ombi. Kabla hawajaonana na uongozi mpya, wafanyakazi watakutana Jumamosi, na walitaka Severin aje kuitoa ile hotuba kwa Kiswahili, wapate maneno ya kisomi ya kwenda nayo. Severin alitaja mitihani. Baba yake akasema mitihani haifanywi Jumamosi, na alilisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto kitu alichosahau. Severin akakubali.

Jioni ile alikwenda kwa Padri Fransisko akamweleza yote. Padri hakuwa amejua kwamba yule mzee aliyesimama nyuma alikuwa ndiye mtu wa boila.

"Uliyoyasema yalikuwa na hoja," alisema. "Unayakana?"

"Siyakani, Padri. Ila alinitazama akaniuliza, nami nikamwambia nimewasemea."

Padri alimwambia tu kwamba yeye pia alicheka siku ile, na kwamba hatalisahau.

Jumamosi wafanyakazi walikaa kwenye magogo na maboksi nje ya ghala. Severin alikuwa ameandaa hotuba nyingine kabisa, ya kuwatetea, na alianza nayo. Maneno yalikuja bila shida. Watu waliitikia kwa vichwa. Kisha akamwona baba yake akimnong'oneza aliyekaa jirani, akimwonyesha kwa kidevu, uso umemng'aa, na akajua anamwambia kuwa haya ndiyo yaleyale ya siku ile.

Akanyamaza. Mtu mmoja akadhani amesahau, akamwambia aendelee tu.

"Siku ile sikusema hivi," Severin alisema. "Nilisema mpunguzwe. Nilisema watu wa boila hawahitajiki, wanacheza bao. Baba hakuelewa Kiingereza, akanipigia makofi. Aliponiuliza, nikamdanganya."

Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali. Mzee Anselmi aliangalia chini, akawa anabandua matope yaliyokauka kwenye suruali yake.

Mzee Kibwana alimuuliza kama bado anaona hivyo. Severin alijibu kwamba kwa sehemu kubwa bado anaona hivyo, kiwanda kimechoka na serikali haina cha kukitia. Lakini yale ya bao aliyachukua nyumbani kwao, akawachekesha nayo watu asiowajua, na hilo hakuwa na haki nalo.

"Basi baki hapo," Mzee Kibwana alisema, "utuambie yote uliyosema, moja baada ya jingine. Ndiyo watakayotuambia Jumatatu. Tuyajibu mapema."

Ikawa hivyo. Severin alisimama mpaka mchana akiwaeleza hoja za kuwaondoa kazini, nao wakazijibu, wengine kwa hasira, wengine kwa akili iliyomshangaza.

Haikusaidia sana. Uongozi mpya uliwasikiliza kwa adabu, ukawaongezea muda kidogo wa kukaa katika nyumba za kiwanda wale waliokuwa nazo, na boila ikazimwa.

Lakini kabla ya hayo, Jumamosi ileile, baba na mwana walirudi Bigwa kwa miguu, mzee akiwa mbele. Walipofika kwenye daraja la mto alisimama, akasema bila kugeuka:

"Kwamba ulisema hivyo, sina neno. Wewe umesoma, umeona hivyo. Lakini uliniona nimesimama peke yangu nafurahi, ukaniacha."

Severin alimwomba radhi.

"Nimekusamehe," baba yake alijibu papo hapo, kama mtu anavyoitikia salamu, akaendelea kutembea. Severin alibaki darajani. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Kwa wepesi ule hakuwa amejiandaa.

Mzee Anselmi alianza kulima mchicha na nyanya bondeni, chini ya mlima. Severin alikwenda kila Jumamosi kuchota maji na kupalilia. Walizungumza habari za wadudu na mvua, na bei za sokoni. Angelina aliwaletea chai, akawatazama, akarudi. Msamaha ulikuwepo, hakuna aliyeutilia shaka, lakini zile hadithi za wakati wa kula zilikwisha. Kila mzee alipoanza kusimulia jambo kisha akakatisha, Severin alijua sababu.

Mwaka uliofuata Programu Maalumu ilichukua suala la maji yanayotoka milima ya Uluguru kuja mjini, nani alime milimani na nani asilime. Siku moja bondeni, mzee aliuliza wanasoma nini siku hizi. Severin aliweka jembe chini, akaanza kueleza kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno ambayo hakuwahi kuyahitaji darasani. Alieleza upande wa mji, kisha wa wakulima wa juu, kisha na yeye anaonaje.

Baba yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo kwa watu wa juu umekosea," alisema, akaketi kwenye ukingo wa tuta kumweleza kwa nini.

Hakusema kama atakuja kusikiliza siku ya wageni, na Severin hakuthubutu kumwalika.